Chumvi uvunguni mwa lori

Mzee, fundi wangu, alianza kwa kugonga. Alitandika boksi lililokunjuliwa chini ya lori, akalala chali, akashika nyundo ndogo na kuanza kuigonga chasisi, ile fremu ya chuma inayolibeba lori, kutoka mbele kwenda nyuma, kila baada ya shubiri moja, huku amefumba macho. Sehemu kubwa ya chuma ilijibu kwa mlio mkali wenye kuvuma. Alipoivuka kidogo tu hanga ya nyuma, yaani kishikio cha springi kwenye chasisi, upande wa kushoto, mlio ukafa. Ukabaki mshindo mzito usio na mwangwi, kama wa mtu anayepiga gunia la mchanga. Akarudia mara tatu pale pale, kisha akaniita: “Mwanangu, hebu njoo usikie mwenyewe.”

Nilikuwa nimesimama pembeni bila wasiwasi wowote, kwa sababu kwa macho uvungu ule ulikuwa mweusi, umelainika na kupendeza. Mwaka mmoja na nusu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimelipa fedha si haba kwenye gereji moja ili uvungu wote upuliziwe dawa nyeusi ya jamii ya lami, ile inayokauka na kuwa ngumu kama mpira wa tairi, nikaambiwa kwamba habari ya kutu imekwisha. Mzee aliingiza ncha ya bisibisi kwenye ukingo wa dawa ile, akavuta, nayo ikabanduka kipande kizima cha ukubwa wa kiganja, kama ganda la muhogo. Chini yake palikuwa pamelowa. Kutu ilikaa tabaka juu ya tabaka, ya kahawia kwa nje na nyeusi kwa ndani, na ilipoguswa ilimwangukia usoni vipande vipande. Aligusa unyevu ule kwa kidole, akauonja, akatema. “Chumvi,” akasema. Kisha akaisukuma bisibisi, ikatokea upande wa pili.

Lori lenyewe ni Fuso linalobeba tani 10, na kazi yake ni kuchukua chumvi ghafi kutoka mashamba ya chumvi ya mwambao, kuanzia Saadani na kupanda upande wa Pangani, kuifikisha Tanga, na mara nyingine kuendelea nayo hadi Moshi na Arusha kwa njia ya Segera, Korogwe, Mombo na Same. Siku mbili kabla ya Mzee kuligonga, dereva wangu alikuwa amelipitisha njia hiyo likiwa na mzigo kamili. Ana mke na watoto wanne. Usiku ule sikulala, na tangu hapo suala la kutu ya uvunguni nimelichukua kama jambo la uhai wa mtu, si la thamani ya chombo peke yake. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaofanya kazi karibu na bahari, kwa sababu kosa nililolifanya linaendelea kufanywa kila siku, tena kwa nia njema kabisa.

Kutu inahitaji chuma, maji na oksijeni, na vyote vitatu vipo kila mahali. Kinachotofautisha lori la Tanga na lori la Dodoma ni chumvi. Kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita ndani ya maji yaliyolowesha chuma: sehemu moja ya chuma huliwa, na sehemu nyingine ya jirani hupokea umeme unaotoka huko. Maji ya mvua hupitisha umeme huo kwa shida. Maji yenye chumvi huupitisha kwa urahisi, na zaidi ya hapo kloridi iliyomo kwenye chumvi huupasua utando mwembamba ambao chuma hujitengenezea chenyewe ili kujikinga. Lakini jambo ambalo wengi wetu hatulipi uzito ni kwamba chumvi haisubiri mvua. Chumvi safi ya mezani huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi. Alfajiri ya Tanga mara nyingi huvuka kiwango hicho. Chumvi ghafi ya bahari ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndani yake kumebaki magnesi kloridi, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa umeshuka hadi asilimia 33, kiwango ambacho pwani yetu haikifikii hata saa nane mchana wa kiangazi. Kwa maneno mengine, punje ya chumvi ghafi iliyonasa kwenye pembe ya chasisi hailali ikiwa kavu. Lori lililoegeshwa chini ya paa, halijaguswa na tone la mvua kwa mwezi mzima, linaendelea kuliwa.

Aliyewahi kupakia chumvi ghafi anayajua yale maji machungu yanayochuruzika kutoka kwenye magunia. Hupenya kwenye mianya ya mbao za bodi, yakateremka juu ya chasisi, yakatafuta mahali pa kutulia. Juu ya hayo kuna barabara za mashambani zenye tope la chumvi, na kuna kivuko cha Pangani, ambapo kwenye gati za pande zote mbili magurudumu hukanyaga maji ya mdomo wa mto yaliyochanganyika na ya bahari. Ndugu zetu wanaovuka Likoni na Kigamboni wanalijua tatizo hilo pia.

Lori langu, kwa kweli, lilifika Tanzania likiwa tayari na historia yake. Malori mengi tunayoyanunua yakiwa yametumika hutoka Japani, na mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo ina theluji kubwa. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari, ambayo yalikuwa yakikwangua lami na kujaza miji vumbi, na baada ya hapo matumizi ya chumvi za kuyeyushia barafu barabarani yaliongezeka sana. Gari lililofanya kazi miaka 10 huko linaweza kuwa na injini nzuri kabisa na chasisi iliyokwisha kuanza kuoza. Karatasi ya mnada ya Kijapani huonyesha jambo hili kwa anayejua kuisoma: herufi S humaanisha kutu, na herufi C humaanisha kutu iliyokwisha kula chuma. Mimi wakati wa kununua niliangalia kilomita na rangi ya kebini. Karatasi yangu ilikuwa na S kwenye mchoro, nami sikuuliza maana yake. Aidha, ni desturi huko kuupulizia uvungu rangi nyeusi ya chasisi kabla ya ukaguzi au mauzo, na rangi hiyo hupigwa juu ya kutu kama ilivyo. Kwa hiyo uvungu mweusi unaong'aa kwenye yadi ya magari usimtulize mnunuzi. Umfanye aombe nyundo.

Sasa nirudi kwenye dawa ngumu ya lami. Sisemi kwamba ni dawa mbaya kwa asili yake. Ikipulizwa kwenye chuma kipya, kikavu, kisicho na punje ya chumvi, juu ya praima nzuri, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, inazuia mawe na kupunguza kelele, na inaweza kudumu. Tatizo ni kwamba sisi hatuipulizi kwenye chuma cha namna hiyo. Lori langu lilioshwa asubuhi kwa maji ya kisima, likasuguliwa kwa brashi ya waya katika sehemu zilizo wazi, na jioni ya siku hiyo hiyo likapulizwa. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na bila shaka kile kilikuwa mojawapo. Tuliiosha chumvi kwa chumvi, kisha tukaifunika ikiwa bado na unyevu. Tena kutu ina vitundu vidogo vidogo ndani yake, na kloridi hukaa chini kabisa, pale kutu inapokutana na chuma kizima. Brashi inayopita juu haiigusi. Dawa ngumu ikikauka juu ya hali hiyo huwa kifuniko cha chungu. Baadaye jiwe moja linapiga, au chuma kinapindana kidogo lori likipanda tuta, dawa inapata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia kwa ufa huo na hayapati pa kutokea. Kutu inapokua huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kati ya mara 2 na 6, kwa hiyo huisukuma dawa kutoka chini na kuiachanisha na chuma, nayo dawa kwa kuwa ni nzito na imeshikamana yenyewe kwa yenyewe haianguki. Inabaki pale pale, nyeusi, nzuri, ikimficha mwenye gari yanayotendeka nyuma yake. Hilo ndilo ninalolilaumu zaidi. Kutu inayoonekana ningeiwahi.

Wako wanaoikwepa dawa hiyo kwa kutumia oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, wakiichanganya na dizeli na kuipuliza kwa kompresa. Nami niliwahi kufanya hivyo miaka ya mwanzo, na ninaelewa kwa nini watu wanaipenda, kwa sababu haina gharama na kwa wiki chache chuma huonekana kimeshiba mafuta. Lakini oili ile imebeba asidi zilizotokana na mwako na vumbi la metali kutoka ndani ya injini; ni nyepesi, na mvua ya kwanza ya masika huiosha ikaenda ardhini, na kwetu sisi ardhini ndiko visima viliko. Bushi za mpira huvimba na kulegea. Na kijana anayelala chini ya lori akipuliza, mikono mitupu na kitambaa puani, anajipaka kitu ambacho kugusana nacho kwa muda mrefu kunahusishwa na saratani ya ngozi. Nilipolijua hilo niliacha, na nimewaomba vijana wangu msamaha.

Baada ya tukio la bisibisi lori lilikaa gereji wiki tatu. Dawa yote ya zamani ilibanduliwa kwa patasi na grenda, kazi chafu na ya kuchosha, na palipotoboka paliimarishwa kwa bamba lililofungwa kwa bolti kwenye ubavu wa chasisi. Mzee alikataa katakata kuchomelea kiraka kwenye kingo za juu na za chini, na alikuwa na haki, kwa maana watengenezaji wa malori hukataza kuchomelea na kutoboa kingo hizo; ndizo zinazobeba nguvu kubwa ya mzigo, na joto la kuchomelea hulegeza chuma chake. Kisha tukakaa chini, mimi, Mzee na dereva, tukapanga upya namna ya kuulinda uvungu. Tangu hapo tumekuwa tukifanya kazi hiyo kila mwaka, mwishoni mwa Januari au Februari, wakati wa kaskazi kavu, kabla ya masika.

Kuosha ndiko kunakochukua muda mrefu zaidi, na ninaomba msomaji asiharakishe hapa. Tunatumia maji ya bomba, ambayo kwa Tanga hutoka Mto Zigi katika bwawa la Mabayani na hayana chumvi. Siku ya kwanza tope huloweshwa na kung'olewa kwa mikono, hasa juu ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, ndani ya mikunjo ya mihimili inayounganisha mbavu mbili za chasisi, nyuma ya tangi la mafuta na juu ya matangi ya upepo wa breki. Baada ya hapo maji ya presha yanapita, kisha lori linaachwa lilale, na siku ya pili linaoshwa tena. Kloridi iliyo ndani ya vitundu vya kutu haitoki kwa maji ya mara moja. Inahitaji kuloweshwa, kuachwa, na kuloweshwa tena. Alama tunayoifuata ni rahisi. Chuma kikishakauka juani, tunaangalia pembe na mianya: pakiwa na weupe kama wa unga, kazi haijaisha. Nyakati nyingine tumeosha mara nne.

Kukausha nako kuna elimu yake. Tunaanza kupuliza saa nne asubuhi, kamwe si mapema, na tunaacha kabla ya saa kumi alasiri. Chuma kizito cha chasisi hupoa usiku, na alfajiri hubaki baridi wakati hewa imekwisha kupata joto na unyevu, hivyo umande hukaa juu yake bila jicho kuuona. Wapiga rangi wa kazi kubwa, kama za meli na madaraja, hawapulizi mpaka chuma kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutunga, kwa nyuzi 3 angalau. Hatuna kipimo cha kazi hiyo. Mzee huweka shavu lake kwenye chuma. Akisikia ubaridi, tunasubiri.

Hapo ndipo tunapoamua kila sehemu ipewe nini, kwa sababu uvungu wa lori si kitu kimoja. Ubavu wa nje wa chasisi, ambao grenda inaufikia mpaka chuma king'ae, tunaupiga praima yenye zinki nyingi. Zinki hukubali kuliwa kwa niaba ya chuma, ila kwa sharti kwamba vigusane. Ikipigwa juu ya kutu au juu ya rangi ya zamani haina faida yoyote. Juu yake tunaweka praima ya epoksi ya kuchanganya makopo mawili. Pale ambapo haiwezekani kukiona chuma kitupu, kwa mfano pembeni mwa riveti na katikati ya hanga, hatudanganyani: tunaondoa kinachotoka, kisha tunapaka dawa ya kubadilisha kutu yenye tanini, ambayo huigeuza kutu iliyobaki kuwa kitu cheusi kilichotulia. Tanini ni ile ile iliyomo kwenye magome ya mkoko, iliyowafanya wafanyabiashara wa zamani wayasafirishe magome hayo kutoka Rufiji na Lamu kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Sehemu zenye tanini hatuzipigi zinki.

Baada ya hayo yote ndipo linapokuja lile la kupuliza lenyewe. Tunachotumia sasa ni mafuta mazito ya lanolini, yatokanayo na sufu ya kondoo, aina inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya meli na boti. Hayakauki. Yanabaki laini, yanashika chuma, yanasukuma maji, na yanatambaa taratibu yakiingia kwenye mianya ambayo hakuna brashi wala rangi itakayofika. Ukiyakwangua kwa kucha, baada ya siku kadhaa unakuta yamejifunika yenyewe pale ulipokwangua. Na chuma kinabaki kikionekana: unafuta kwa kitambaa unaona hali halisi, unagonga kwa nyundo unasikia mlio halisi. Kwangu mimi faida hii inazipita nyingine zote.

Nisiyasifu kupita kiasi, maana yana udhaifu na anayetaka kuyatumia anapaswa kuujua. Lanolini hulegea joto linapokaribia nyuzi 40, na uvungu wa lori mchana wa Februari unafika huko, kwa hiyo wiki ya kwanza hudondoka. Tunachagua aina nzito zaidi, na lori tunaliegesha juu ya turubai. Vumbi linashika. Dereva anasema kebini inanuka zizi kwa wiki mbili, nami nimeithibitisha harufu hiyo. Nyuma ya magurudumu, mahali maji na changarawe vinapopiga moja kwa moja, mafuta huondoka baada ya miezi minne au mitano, na pale tunarudia katikati ya mwaka, kabla ya vuli. Anayetaka kupuliza mara moja na kusahau kwa miaka mitano hatayapenda.

Lakini sisi watu wa pwani, nikifikiri vizuri, hatukuwahi kuwa watu wa kupaka mara moja na kusahau. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mashua, na kila mwaka ilipandishwa pwani, ikakwanguliwa chaza, ikakalafatiwa upya, juu ikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ikapakwa deheni ya chokaa na mafuta. Hakuna nahodha aliyeona ajabu kurudia. Sifa ile nayo haikuwa kitu cha kukauka na kung'aa. Ilikuwa mafuta yanayonuka, yanayoingia ndani ya mbao. Nilipomwona Mzee akipuliza lanolini kwa mara ya kwanza, harufu ile ilinirudisha Mkwaja, kwenye mchanga, nikiwa na umri wa miaka saba.

Kuna sehemu mbili za uvungu ambazo ningependa kuziangalia kwa karibu zaidi, kwa sababu ndizo zilizoniponza. Ya kwanza ni ile mbao inayolazwa juu ya chasisi ili bodi ikae juu yake. Mafundi huiweka ili chuma kisisage chuma, na ni sahihi kuiweka, lakini mbao hiyo hunywa maji machungu ya chumvi na kuyashikilia dhidi ya kingo ya juu ya chasisi mwaka mzima, kama kitambaa kilicholoweshwa na kufungwa kwenye kidonda. Tulipoinua bodi tulikuta kingo ya juu imeliwa kwa mstari ulionyooka unaolingana na upana wa mbao, hapa na pale ikiwa imebaki na unene wa nusu. Tumebadilisha mbao zote, tukazilowesha kwenye lanolini ya moto kabla ya kuzirudisha, na chini yake tumelaza ukanda wa mpira usionywa maji. Ya pili ni chasisi ya dabo, yaani yale mabamba ya kuongeza nguvu ambayo malori mengi hapa nchini hufungiwa ili yahimili mzigo wa ziada. Kati ya bamba na chasisi pana mwanya usiozidi unene wa karatasi. Maji huingia humo kwa kunyonywa, kutu huanza, na kwa kuwa inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma, huyafungua mabamba hayo kwa nguvu ya ajabu. Nimeona bolti ya milimita 16 iliyokatika kwa kuvutwa na kutu peke yake. Humo dawa ngumu haiingii kabisa. Huziba mdomo tu. Lanolini iliyopashwa moto kidogo, ikapulizwa kwenye ukingo wa juu kwa kompresa na kuachwa iteremke, hutokeza chini baada ya siku mbili tatu, na ikitokeza ndipo tunajua imepita.

Katika kupuliza tunafunika kwanza breki zote, maana tone la mafuta kwenye lainingi ni hatari kubwa kuliko kutu. Tunafunika ekzosi, bushi za mpira asilia, mipira ya upepo ya breki, mikanda ya feni na soketi za waya zisizo na kifuniko, kwa kuwa mafuta haya huweza kuvimbisha baadhi ya mipira. Matundu ya kutolea maji chini ya kebini na kwenye mihimili tunayazibua kwa waya kabla na baada ya kazi. Tundu lililozibwa na dawa hugeuza mhimili kuwa ndoo. Kompresa tunaiweka kwenye presha ya bari 5 hivi, na kwa sehemu za ndani tunatumia mpira mwembamba wenye ncha inayotawanya pande zote. Kijana anayepuliza anavaa miwani, glavu na barakoa yenye kichujio, kwa sababu ukungu wa mafuta ukiingia kwenye mapafu haufutiki kwa maziwa, hata kama watu wanaamini hivyo. Lori zima limekuwa likila lita 9 hadi 10.

Wakati wa kazi, kati ya matengenezo ya mwaka na mwaka, tumeongeza mambo madogo tu. Bodi inatandikwa turubai zito lililopandishwa kwenye kuta zote kabla ya kupakia, na kwenye kona ya nyuma limeachiwa mdomo unaomwaga maji machungu nje ya chasisi kwa mpira. Kila mara dereva anapotoka Saadani hupitisha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, uvunguni kabla lori halijakauka, kwa dakika 15, siyo kwa presha kubwa ya kung'oa mafuta. Yeye ndiye aliyependekeza hilo, na ndiye anayelisimamia hata mimi nisipokuwepo.

Februari iliyopita Mzee aligonga tena. Siku hizi macho yamempungua na mjukuu wake ndiye anayeshika nyundo, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya lori, ameegemeza sikio. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuza kichwa, kwa kuwa kijana alikuwa amefika kwenye bamba letu nyuma ya hanga. Mlio ulitoka mkavu na wa kuvuma, bolti zote 8 zimekaza. Mahali pamoja tu, juu ya mhimili wa tatu, upande wa kulia, sauti haikumridhisha. Alimwambia kijana apazungushie alama ya chaki, tukaosha tena sehemu ile peke yake, tukaikausha, tukaipa tanini na mafuta, na mwezi Agosti tutaigonga upya kabla lori halijarudi mashambani.